Kifaru na Malalamiko 50 kwa Sekunde

Sinema zimetudanganya kuhusu kifo cha roboti. Humo roboti hufa kwa cheche na moshi, jicho jekundu likififia polepole, na kabla ya kukata roho hutamka neno la hekima. Roboti ya mashindano ya shule haina makuu hayo. Inakwenda kidogo, inasita. Inakwenda tena, inasita. Halafu inasimama katikati ya uwanja, mbele ya jukwaa la wazazi waliovaa fulana za sare, betri ikiwa imejaa, mota zikiwa baridi na kila waya ukiwa mahali pake. Mwili mzima kabisa. Kinachoumwa ni kichwa.

Yetu iliitwa Kifaru. Vijana wa timu walitaka jina la Kiswahili, maana mimi na mpwa wangu, binti wa dada yangu, tulikuwa tukihamia Kiswahili kila tulipotaka kumsengenya mtu, nao wakaona lugha hiyo ina faida. Timu yenyewe ilikuwa Minneapolis tupu: wajukuu wa wahamiaji wa Norway, watoto wa Kihmong, Wasomali wawili waliokulia Eastleigh ambao usengenyaji wetu waliuelewa wote na hawakusema neno kwa miezi, na huyu binti wetu wa Tanga. Kwa kuwa yeye aliniita Mjomba, wengine wote walidhani ndilo jina langu. Hata kitambulisho nilichovishwa shingoni siku ya mashindano kiliandikwa MJOMBA kwa herufi kubwa, na chini yake: Mlezi.

Mashindano haya si ya juzi. Shirika la FIRST lilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na shindano lake la kwanza la roboti lilifanyika New Hampshire mwaka 1992. Kila Januari timu zote hutangaziwa mchezo mpya siku moja, kisha kila shule hujifungia karakanani na kuanza kukosana na usingizi. Mwaka 2023 mchezo ulikuwa wa koni za njano na michemraba ya zambarau ya kujazwa upepo: roboti tatu upande mwekundu, tatu upande wa bluu, dakika 2 na sekunde 30. Sekunde 15 za kwanza roboti inajiendesha yenyewe kwa programu iliyoandikiwa. Sekunde 135 zinazobaki inaendeshwa na kijana ambaye mimi binafsi nisingempa funguo za gari langu.

Sasa kuhusu hicho kichwa. Ni kisanduku kinachoitwa roboRIO, kilichoanza kutumika katika mashindano haya mwaka 2015. Ndani yake mna prosesa yenye viini viwili, inayokwenda megahezi 667, na kumbukumbu ya megabaiti 256. Simu yangu, yenye kioo kilichopasuka na betri inayokata tamaa saa tisa alasiri, inaipita mbali. Ila simu yangu haijawahi kutakiwa kuendesha chuma cha kilo 56 kuelekea kwenye miguu ya refa.

Kazi ya prosesa hiyo ni moja, inayojirudia. Kila milisekunde 20 inasoma vihisi, inasikiliza dereva anataka nini, inaamua, inaziamuru mota, kisha inaanza upya. Mara 50 kwa sekunde, mara 7,500 kwa mechi moja. Ikikosa muda huo wa milisekunde 20, ujumbe unatokea kwenye laptopu ya madereva kwamba mzunguko umepitiliza. Ukipitiliza mara moja si neno. Ukipitiliza kila mara, amri zinafika kwa mota zikiwa zimepoa. Na mota za magurudumu zina ulinzi wake: zisipopata amri mpya ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, zinakatwa. Ulinzi huo nausifu, maana chuma cha kilo 56 kisicho na mwenyewe hakifai kuachwa kikitembea. Lakini ndio unaoleta kile kigugumizi. Amri imechelewa, mota zinakatwa, amri inafika, mota zinaamka, amri inachelewa tena.

Kazini kwangu, kwenye mifumo ya malipo, programu ikichelewa sekunde tatu tunamwonyesha mteja kiduara kinachozunguka, naye anasubiri kwa adabu. Kifaru hakuwa na wa kumwonyesha kiduara. Sekunde tatu kwake zilikuwa ukuta.

Kule karakanani alikuwa amekimbia vizuri tu. Ugonjwa ulimjia mashindanoni, pale Chuo Kikuu cha Minnesota, baada ya siku ya mazoezi kupita salama. Mechi ya kwanza ya asubuhi alitoka kwenye mstari kwa mbwembwe, akafika katikati, akaanza kutetemeka. Mtangazaji, ambaye kazi yake ni kuona jema katika kila jambo, alituambia kupitia kipaza sauti kwamba Kifaru anatafakari.

Tulimrudisha bandani. Banda la kila timu kwenye mashindano haya ni kama mita 3 kwa 3, na ndani yake wanaingia roboti, meza, masanduku ya vifaa, chaja za betri na watoto kumi na wawili wenye maoni. Wote wamevaa miwani ya usalama, jambo linaloyapa maoni yao uzito yasioustahili. Na humo ndimo nilipoona sheria ya kwanza ya ufundi wa pamoja: kila fundi hugundua ugonjwa kwenye idara ya mwenzake. Watu wa chuma walisema ni programu. Watu wa programu walisema ni waya. Watu wa waya walisema ni betri. Binti wa betri, aliyekuwa na daftari lenye historia ya kila betri tangu kununuliwa, aliangalia ukurasa wake, akaufunga, akasema ni dereva. Dereva alisema ni uwanja.

Kila mmoja alithibitisha hoja yake kwa vitendo. Betri ilibadilishwa, ya volti 12, nzito kama kilo 6, ikaingia nyingine yenye afya ileile. Vijana wa waya walivuta kila waya kuona kama umelegea, wakaendelea kuvuta mpaka mmoja uliokuwa umekaza ukang'oka, na hapo tukawa na matatizo mawili. Watu wa chuma walikaza nati. Hakuna aliyewaambia wakaze nati, lakini mtu wa chuma asipokuwa na la kufanya hukaza nati.

Watu wa programu nao, mpwa wangu akiwa mmoja wao, walifanya wanachofanya watu wa programu duniani kote wanapopotea: walitawanya ndani ya msimbo mistari ya kuchapisha maneno kwenye skrini, ili waone programu inafika wapi kabla haijakwama. "Niko hapa 1." "Niko hapa 2." "Niko hapa 3." Mpwa wangu aliandika yake kwa Kiswahili ili yasichanganyike na ya wenzake. Ni mbinu nzuri mtu akiwa na programu inayokwenda mara moja. Hii ilikuwa inakwenda mara 50 kwa sekunde. Kifaru, aliyekuwa tayari hana nafasi ya kupumua, sasa alitakiwa pia kutangaza kwamba yuko hapa, yuko hapa, yuko hapa, mamia ya mara kwa sekunde, na kila tangazo lisafiri hewani hadi kwenye laptopu. Mechi iliyofuata hakutoka hata kwenye mstari.

"Anatafakari kwa kina," akasema mtangazaji.

Simu ikalia. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, Tanga saa mbili usiku, na kaka yangu mkubwa, fundi wa malori tangu mimi nikiwa darasa la pili, alikuwa amemaliza kula na anataka matokeo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Limeshinda?"

"Bado. Linakatakata."

"Likipanda mlima au tambarare?"

"Tambarare, kaka."

"Hewa hiyo. Imeingia kwenye njia ya mafuta. Legeza pale kwenye pampu, toeni hewa."

"Halina mafuta. Ni la betri."

Kimya kikapita baharini na kurudi. "Sasa hilo linakatakata nini?"

Nilimweleza habari ya prosesa, milisekunde na mizunguko. Alisikiliza kwa subira ya mtu aliyewahi kuelezwa na wateja kwamba gari lina pepo. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini toeni hewa."

Kilichonikera zaidi siku ile ni kwamba Kifaru mwenyewe alikuwa ameshasema anaumwa wapi. Alikuwa anasema muda wote. Kwenye laptopu ya madereva kuna kidirisha cha ujumbe, na ujumbe ulikuwa ukimiminika humo kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuushika: mistari myekundu, mistari ya njano, "niko hapa" katikati yake, yote inapaa kwenda juu na kupotea. Kwa kuwa ilikuwa mingi, hakuna aliyeusoma hata mmoja. Watu kumi na wawili wanaojua kusoma walisimama mbele ya maandishi wakibishana maandishi hayo yangekuwa yanasema nini.

Aliyetuokoa hapo ni mhudumu wa kujitolea, mzee mmoja mwenye kofia iliyojaa vibeji vya timu mbalimbali, aliyekuwa akizunguka mabandani kusaidia wenye matatizo ya mifumo. Sherehe hizi zina utamaduni huo, na nisipoutaja nitakuwa mchoyo: timu inayokwenda kukufunga saa nane itakuazima gia saa saba na nusu, na kipaza sauti cha mabandani kinashinda kikiomba mnyororo kwa niaba ya timu hii na fyuzi kwa niaba ya ile. Mzee wa vibeji hakugusa roboti. Aliomba laptopu, akafungua kumbukumbu za mechi, pale ambapo mfumo huchora grafu ya kila kitu kilichotokea. Mstari wa volti ulikuwa umetulia. Roboti hujizimia mota betri ikishuka kwenye volti 6 na kitu, na yetu haikukaribia huko. Mawasiliano na uwanja hayakuwa na kasoro. Mstari wa prosesa ulikuwa umepanda hadi asilimia 100 na kulala huko juu, bapa, mechi nzima.

"Betri nzima," alisema mzee. "Uwanja mzima. Nyie mmemtwisha nini huyu?"

Binti wa betri alitembeza macho bandani taratibu, kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyomfanya achague kusomea sheria.

Mzee akaenda banda la pili, na mimi nikakipiga picha kile kidirisha cha ujumbe kwa simu, kwa sababu picha haipai kwenda juu. Nikatoka nayo nje, mahali ambapo mama wa mmoja wa wale Wasomali alikuwa ameleta sambusa, na nikaisoma nikiwa na mkono mmoja wenye mafuta. Ujumbe haukuwa mwingi kama tulivyodhani. Ulikuwa mmoja, umerudiwa hadi ukajaza skrini: kifaa namba 9 hakipatikani.

Nikarudi bandani. "Namba 9 ni nani?"

Kwenye Kifaru kila mota ina namba yake, na zote zinaongea kwenye njia moja ya nyaya mbili zilizosokotwa, njano na kijani, iitwayo CAN. Mpwa wangu alifungua orodha. Namba 9 ilikuwa mota ya kifundo cha mkono, ile inayogeuza kiganja ili koni isimame wima.

"Ah, hiyo," akasema kijana mmoja wa chuma akiwa anakaza nati. "Gia yake ilivunjika jana jioni. Tuliitoa."

"Mliitoa?"

"Iko kwenye ndoo." Akainyanyua ndoo atuonyeshe, kwa sura ya mtu anayedhaniwa kwamba ameiba.

"Mliwaambia watu wa programu?"

"Kuwaambia nini? Si wanaona haipo?"

Lakini Kifaru hakuambiwa. Mara 50 kwa sekunde aliita namba 9, akasubiri, hakuitikiwa, akaandika malalamiko. Na malalamiko ya programu si neno moja. Yanataja kosa, faili lilimotokea, mstari, nani aliuita mstari huo, na nani alimwita aliyeuita, ukoo mzima hadi babu. Kisha barua hiyo inatumwa kwenye laptopu, na kabla haijafika nyingine imeanza kuandikwa. Muda wa kuendesha magurudumu ukaliwa humo. Halafu, kwa kuwa amechelewa, mfumo unamtaka Kifaru aandike taarifa ya kuchelewa, yenye mchanganuo wa kila kipande kilichukua muda gani. Kuandika taarifa ya kuchelewa kunamchelewesha. Inabidi aandike nyingine.

Kuna maofisa nimewafahamu ambao wamestaafu wakiwa ndani ya mzunguko huo.

Mistari ya namba 9 ilifutwa. Zile "niko hapa" zote zilifutwa pia, isipokuwa moja ya mpwa wangu iliyojificha, ambayo nina hakika ipo humo hadi leo. Tukawasha. Prosesa ikashuka kutoka 100 hadi 80 na kitu, vijana wakashangilia, na mimi nikazuia shangwe kwa mkono wenye mafuta ya sambusa. Roboti iliyosimama bila kufanya lolote haina sababu ya kutumia 80.

Hapa ndipo utu uzima unapohitajika, maana kosa la kwanza likipatikana watu hupoteza hamu ya kutafuta la pili. Mpwa wangu na mimi tuliketi sakafuni, migongo kwenye gurudumu, tukaanza kuusoma msimbo mstari kwa mstari kutoka juu.

"Mjomba, hii."

Ilikuwa ndani ya ile sehemu inayorudiwa kila milisekunde 20: mistari minne inayoziambia mota za mkono kiwango cha juu cha umeme zinachoruhusiwa kutumia. Ni agizo la lazima, mota zisiungue. Lakini agizo hilo hutolewa mara moja, roboti inapowashwa, na mota hulikumbuka. Tena lina gharama: mota inapopewa mpangilio kama huo, programu husimama ikisubiri ijibu kwamba imeupokea. Msimbo wetu ulikuwa unatoa agizo, unasubiri jibu, na baada ya milisekunde 20 unalitoa tena kwa mota ileile iliyojibu sasa hivi kwamba imesikia. Ni kama yule shangazi kwenye harusi anayefunua sufuria ya pilau kila dakika kumuuliza mpishi kama kaweka chumvi. Mpishi anajibu kwa heshima kila mara, na pilau haliivi.

Mwandishi wa mistari hiyo alikuwa kijana mpole wa kidato cha pili, asiyezungumza mpaka aulizwe. Tulimuuliza.

"Nilitaka kuhakikisha," akasema.

Huwezi kumkaripia mtu wa namna hiyo. Dunia ina upungufu wao. Mpwa wangu aliihamisha mistari minne mahali pake, kwenye sehemu inayosomwa mara moja tu mwanzoni, na prosesa ikashuka hadi 60 na kitu. Na hapo ikagoma. Tulizima kamera, ikabaki palepale. Tulizima takwimu zilizokuwa zikipelekwa kwenye skrini ya madereva, ikateremka kidogo na kukaa hamsini na kitu. Tulipokwisha kuzima kila kilichozimika, ilikuwa 50, imesimama.

Namba ya mviringo namna hiyo haiji kwa bahati. Prosesa ina viini viwili. Ukiona nusu kamili haishuki hata roboti ikiwa imelala, maana yake kiini kimoja kizima kimekamatwa na mtu asiyekiachia, na kazi zote nyingine za Kifaru, macho, masikio, mikono na magurudumu, zinagombania kilichobaki.

"Nani ameanzisha uzi wake wa programu pembeni?" aliuliza mpwa wangu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mama yake.

Mkono mmoja ulinyanyuka nyuma ya masanduku. Ulikuwa wa kijana wa taa.

Lazima nimtendee haki. Taa kwenye mchezo wa mwaka 2023 hazikuwa pambo tu. Timu nyingi zilifunga ukanda wa taa kwenye roboti ili dereva amwonyeshe mwenzake wa upande wa pili anachotaka: njano, nipe koni, zambarau, nipe mchemraba. Rangi mbili. Hilo lilihitaji mistari michache ya programu, na aliiandika vizuri. Kisha aliona kwamba kati ya ombi na ombi taa zinakaa bure. Akatengeneza upinde wa mvua. Upinde wa mvua ukawa unatembea. Kisha akaongeza mapigo ya moyo, mwanga unaovuma na kutulia, na kwa kuwa aliogopa kazi hiyo itamchelewesha Kifaru, aliitenga kwenye uzi wake wenyewe, ijitegemee. Wazo la kiungwana kabisa. Aliandika: wakati wowote roboti imewaka, badilisha rangi. Hakuandika popote: kisha pumzika. Kompyuta ikiambiwa hivyo haibadilishi rangi mara 50 kwa sekunde. Inabadilisha kwa kasi yote iliyopewa na Mungu na kiwanda, maelfu kwa maelfu ya mara, rangi ambazo taa hazikuwahi kuzionyesha na jicho la binadamu lisingeziona.

"Ndiyo maana mapigo ya moyo hayaonekani," akasema kijana wa taa, kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani ni waya."

Tuliongeza mstari mmoja: lala milisekunde 40. Prosesa ikateremka mbele ya macho yetu. Tukawasha tena kamera na takwimu, ikapanda kidogo na kutulia. Kidirisha cha ujumbe kikawa cheupe. Kuna ukimya wa pekee kwenye kidirisha hicho kinapokuwa cheupe. Watu walianza kunong'ona bandani bila kujua kwa nini. Na upinde wa mvua, kwa mara ya kwanza tangu uundwe, ulionekana ukitembea kwenye bampa la Kifaru, polepole, kwa maringo.

Kaka alipiga tena. Kwao ilikuwa imekaribia saa sita usiku.

"Vipi?"

"Limepona, kaka. Halikatikati tena."

"Mmefanya nini?"

"Tumetoa mistari ya programu iliyokuwa inalijaza bure."

"Mmetoa."

"Ndiyo, tumetoa."

"Ndiyo hewa yenyewe hiyo," akasema, na akakata simu akalale.

Mechi yetu iliyofuata ilikuwa ya alasiri. Kifaru hakuwa na mota ya kiganja, kwa hiyo kazi aliyopewa na wenzetu wawili wa upande wa bluu ilikuwa kusukuma michemraba kwenye nafasi za chini, kuwasumbua wapinzani, na mwisho kupanda jukwaa. Jukwaa hilo lilikuwa katikati ya kila nusu ya uwanja, lina mteremko pande mbili na linapembea: roboti inapanda, inatafuta katikati, inatulia, na ikiwa imenyooka sawasawa mechi inapoisha inahesabiwa pointi 10. Dereva wetu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Katika ile mechi ya kwanza ya asubuhi, pamoja na kigugumizi chote, lilikuwa jambo pekee alilolipatia, maana kwa muda ule mfupi alikuwa ameshajifunza ugonjwa wa Kifaru kuliko sisi tuliokuwa tunautibu. Alijua akitaka asimame hapa, aache usukani mapema kule. Alijua akisukuma kidogo hakuna kitakachotokea, kwa hiyo alisukuma sana.

Kengele ililia. Kifaru alitoka kwenye mstari kama alivyokusudiwa kutoka tangu Januari. Sisi watazamaji tulisimama. Alifika kwenye mchemraba wa kwanza kabla dereva hajamaliza kumwamuru, akaupita, akaugonga ukuta, akarudi nyuma, akamgonga mwenzetu wa bluu. Kila alichotakiwa kufanya alikifanya palepale, kwa ukamilifu, na mara mbili ya ilivyohitajika. Mtangazaji alisema Kifaru ameamka. Zilipobaki sekunde chache dereva alimwelekeza jukwaani, akamsukuma kwa nguvu zilezile za asubuhi, na Kifaru akapanda mteremko wa upande huu, akapita katikati bila kutoa salamu, akateremka upande wa pili, taa zake zikipiga mapigo ya moyo safi kabisa.

Mechi ikaisha akiwa bado anakwenda.

Bandani dereva alivua miwani ya usalama, akaketi juu ya sanduku la betri, akanywa maji. Vijana wote walikuwa wakimtazama yeye, kisha wakaanza kunitazama mimi.

"Mjomba," akasema hatimaye, "hamwezi kunirudishia ule uzito? Si wote. Kidogo tu."

Kabla sijajibu, kijana wa taa alikuwa ameshanyanyua mkono.